Kabla Mkasi Haujagusa Kitenge

Wapime wanawake wawili vifuani, na futikamba iseme inchi 40 kwa kila mmoja. Wa kwanza ana mgongo mpana wa mtu aliyezoea kulima na kubeba ndoo, na matiti madogo. Wa pili ana mgongo mwembamba na matiti makubwa. Fundi akiandika "kifua 40" kwenye daftari na kuwakatia magauni kwa kipimo hicho hicho, la kwanza litaachia mshono mgongoni siku mwenyewe atakapoinama, na la pili litapwaya nyuma huku vifungo vya mbele vikigoma kukutana. Daftari halikukosea, inchi zilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni umbo, na futikamba haipimi umbo. Inapima mzunguko na urefu, basi.

Hiyo ndiyo sababu ya kuwapo kwa nguo ya majaribio. Ni nguo inayoshonwa haraka kwa kitambaa cha bei nafuu, bila bitana, bila zipu, bila mifuko, ili ivaliwe, ichorwe, ichanwe, ifumuliwe na kubanwa pini mpaka ikae mwilini inavyotakiwa, kabla kitambaa chenyewe hakijaguswa. Mafundi wengi wa kwetu wanaijua. Wachache wanaishona. Wateja, karibu wote, hawajui kwamba wanaweza kuiomba. Niseme mapema ninachoamini: kwa vazi lolote la kubana mwili, litakalokatwa kwenye kitambaa ambacho mteja hawezi kununua tena, kuiruka hatua hii ni kumdhulumu mteja na kumdhulumu fundi pia.

Tuanze na desturi yetu ilivyo. Mteja anafika na yadi zake sita za kitenge na picha kwenye simu. Fundi anampima kifua, kiuno, nyonga, bega, urefu wa mkono na urefu wa gauni. Siku ya kukata anatandika kitenge mezani, anachora kwa chaki moja kwa moja juu yake, kisha anakata. Huu si ujuzi mdogo. Mafundi wa barazani wanaofanya kazi hii kila siku bila kiolezo cha karatasi wana macho ambayo shule nyingi za mitindo zingeyaonea wivu. Lakini kwa utaratibu huu, mara ya kwanza nguo kukutana na mwili ni baada ya kitambaa kukatwa. Mazungumzo yanayofuata kila mmoja wetu ameyasikia.

"Fundi, hapa kwapani pananibana."

"Itaachia dada, ukishaivaa mara mbili tatu."

"Na huku nyuma mbona inajikunja?"

"Hiyo nitaipiga pasi."

Pasi haiondoi kosa la ukataji. Fundi anaweza kupunguza karibu mahali popote, ila kuongeza anaweza pale tu alipoacha nafasi ndani ya mshono. Na viko vitambaa ambavyo hata kufumua havikubali. Satini na hariri hubaki na matundu ya sindano. Mahameli hubaki na alama ya mshono wa zamani. Lesi yenye shanga ikifumuliwa hupukutika. Kitenge cha maua makubwa kina shida yake ya pekee: ukishapanga lile duara likae katikati ya kifua, kisha ukakata mbele fupi kwa inchi moja, duara jingine la kuziba pengo hulipati ndani ya yadi zile zile. Aliyenunua waksi halisi ya Uholanzi, ile inayochapwa na Vlisco huko Helmond tangu mwaka 1846, anajua uchungu wa bei yake. Hata hivyo uchungu wa yule aliyejinyima miezi kadhaa ili apate kitenge cha kawaida cha sare ya harusi ya mdogo wake si mdogo kuliko huo.

Huko Paris, kazi hii ya majaribio ndiyo uti wa mgongo wa biashara ya mitindo. Tangu Mwingereza Charles Frederick Worth alipofungua nyumba yake ya ushonaji katika mji huo mwaka 1858, hadi Christian Dior alipoonyesha mkusanyiko wake wa kwanza tarehe 12 Februari 1947 na kuwashangaza watu kwa viuno vilivyobanwa na sketi pana, mchoro haukuwa nguo. Mchoro ulipelekwa kwa mkuu wa karakana, naye akautafsiri kwa pamba nyeupe ya kawaida. Nguo hiyo ya pamba ilivalishwa mwanamitindo, ikakosolewa, ikachorwa upya kwa penseli, na ikikataliwa ilianzwa tena. Kitambaa cha thamani kilisubiri. Madeleine Vionnet, aliyezaliwa mwaka 1876 na kusifika kwa kukata nguo mshazari, alifanya majaribio yake juu ya kidoli cha mbao. Alipinda na kubandika kitambaa mpaka umbo likamridhisha, ndipo akalihamishia kwenye kipimo cha mtu mzima.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, nyumba hizo ziliuza nguo zenyewe za majaribio. Maduka makubwa ya Marekani na ya nchi nyingine za Ulaya yalizinunua ili yapate haki ya kuinakili mitindo ya Paris, na bei yake ilikuwa chini ya ile ya vazi kamili. Mnunuzi hakufuata hariri wala shanga, maana hivyo alivipata kwao. Alilipia umbo: pale mshono unapopinda, kiasi gani cha kitambaa kimefichwa chini ya titi, na mkono umeingizwaje begani.

Sisi tuliwahi kuwa na kitambaa kinachofaa kazi hiyo kuliko vyote. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na meli za Salem, Massachusetts, zikawa zinatia nanga Unguja zikiwa na majora ya pamba ngumu isiyopaushwa. Watu wa pwani wakaiita merikani. Misafara iliibeba bara, ikatumika kama fedha kununulia chakula na pembe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1861 hadi 1865, vilipokata pamba yao, vitambaa vya Bombay vilichukua nafasi, lakini jina likabaki. Washonaji wa Marekani walifanya majaribio, na bado wanayafanya, kwa pamba ya namna hiyo hiyo: wazi, rahisi, isiyopaushwa wala kuchapwa maua. Kitambaa tulikuwa nacho madukani kwa karne nzima. Desturi ya kukitumia namna hii haikuja nacho.

Siku hizi vijana wanaojifunza kushona kwa video za mtandaoni wanakutana na tatizo jingine, la violezo vilivyochapwa. Wanapakua kiolezo, wanachagua saizi 14 au 16, wanakata, na gauni haliwakai. Wanadhani wamekosea. Mara nyingi hawakukosea. Saizi hizo zina historia. Mwaka 1939 na 1940 wizara ya kilimo ya Marekani iliwapima wanawake karibu 15,000, vipimo zaidi ya 50 kwa kila mmoja, na matokeo yakachapishwa mwaka 1941 chini ya majina ya Ruth O'Brien na William Shelton. Katika hesabu za mwisho viliingizwa vipimo vya wanawake weupe pekee. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa msingi wa viwango vya saizi za nguo za wanawake vilivyotangazwa nchini humo mwaka 1958, na serikali yao yenyewe iliviondoa mwaka 1983. Kiolezo chochote huanza na mwili wa kubuniwa, wenye uwiano fulani wa kifua, kiuno, nyonga na urefu. Binti wa Tabora au Kisumu mwenye makalio yaliyojaa na kiuno chembamba hana kosa asipolingana na mwili huo. Afanye kile ambacho washonaji wa nchi hiyo hiyo wanafanya: ajaribu kwanza kwenye kitambaa cha bei nafuu.

Kitambaa hicho kichaguliwe kwa uzito wake, bei ije baadaye. Nguo itakayokuwa ya kitenge ijaribiwe kwa shuka la pamba. Shuka kuukuu la mtumba ni pana, limeshafuliwa na limeshanywea, na linatosha gauni zima. Nguo ya shifoni inahitaji kitambaa chepesi kinachoanguka. Nguo ya kitambaa kinachovutika ijaribiwe kwa kinachovutika kiasi hicho hicho, kwa sababu shuka litakudanganya. Rangi iwe hafifu na wazi. Mteja asiyependa kuvalishwa kitambaa cheupe kinachomkumbusha sanda asikilizwe, apewe bluu au kijani cha kupauka. Cha maua kiachwe, maana maua huficha mikunjo, na mikunjo ndiyo tunayoitafuta.

Kabla ya kushona, chora mistari juu ya vipande kwa kalamu inayoonekana: katikati ya mbele, katikati ya nyuma, kifua, kiuno na nyonga. Mistari hiyo ndiyo itakayosema ukweli nguo ikishavaliwa. Ya wima ining'inie wima, ya mlalo ilingane na sakafu. Acha inchi nzima ya mshono kila upande, zaidi kidogo mbavuni. Shona kwa hatua ndefu za cherehani na uzi wa rangi tofauti, ili kufumua kuwe kazi ya dakika chache. Ovaloki haina kazi hapa. Mkono mmoja unatosha kuanzia. Mahali pa zipu banisha pini.

Anayejaribu avae sidiria na viatu atakavyovaa siku yenyewe. Sidiria ikibadilika, kifua hupanda au hushuka, na vile vipindo vyenye ncha vinavyoipa nguo nafasi ya titi vinaelekea pasipo. Mama anayenyonyesha ajaribu kifua kikiwa kimejaa. Hapo ndipo gauni litakapombana ukumbini.

Sasa kazi yenyewe, ambayo ni kusoma mikunjo. Kitambaa kisichokaa sawa hujikunja kwa utaratibu, na fundi anayeujua utaratibu huo hahitaji kubahatisha. Mikunjo ya mlalo iliyokazana, hasa nyongani na kifuani, inadai upana zaidi mahali hapo. Kitambaa kilicholegea na kuanguka wima kama pazia kimezidi upana. Mikunjo ya mshazari huelekeza mahali penye tatizo: ifuate mpaka mwisho wake. Ikitoka kwapani kwenda kwenye ncha ya titi, titi halijapewa nafasi, na dawa yake ni kukata mbele na kufungua, si kupanua mbavu. Pindo la mbele likipanda juu kuliko la nyuma, sababu mara nyingi ni ile ile, kifua kimeuvuta urefu. Mstari wa nyonga ukipanda nyuma, makalio yanadai kitambaa. Nguo ikijilundika juu kidogo ya makalio, pale mgongo unapobonyea, nyuma imezidi urefu; punguza hapo kwa kukunja mlalo kiunoni, katikati ya mgongo, na mkunjo huo uishe taratibu kuelekea mbavuni. Mkunjo mfupi wa mlalo chini ya ukosi wa shingo huonyesha mabega yaliyonyooka kuliko mabega ya kiolezo. Mishono ya mbavuni ikikimbilia mbele, tumbo linaivuta.

Utaona kwamba hakuna hata moja kati ya haya ambalo futikamba ingeliandika kwenye daftari. Ndiyo maana nasema kwa uhakika kwamba fundi anayetegemea vipimo sita na kumbukumbu yake, hata awe hodari, anafanya kazi akiwa amefungwa jicho moja.

Mkono wa nguo unastahili kuzungumziwa peke yake, kwa sababu hapo ndipo makosa mengi ya nguo zetu yalipo, na mengi hufanywa kwa nia njema. Mteja akisema kwapani panabana, fundi huchukua mkasi na kulishusha kwapa la nguo chini zaidi. Mteja hupumua. Lakini akiinua mkono kumpungia shangazi, gauni zima linapanda naye, kiuno kinahama na pindo linaruka. Kwapa likikatwa chini, mkono wa nguo hushikamana na ubavu wa nguo mbali na kiungo cha bega, kwa hiyo kila mkono unaponyanyuka unaubeba ubavu mzima. Kwapa lililo juu, karibu na mwili bila kubana, huuacha mkono utembee peke yake huku gauni likitulia. Mtu asiyewahi kulijaribu hili huona haliwezekani. Anavaa nguo mbili za majaribio, moja yenye kwapa la chini na nyingine la juu, anainua mikono, na ubishi unaisha. Cristóbal Balenciaga, Mhispania aliyezaliwa Getaria mwaka 1895 na kujua mwenyewe kukata na kushona, alisifika kwa kuing'oa mikono ya nguo na kuirudia tena na tena. Mtu wa heshima yake hakuona haya kufumua. Kama mkono ulimsumbua yeye, fundi wa mtaani asione aibu kuujaribu kwanza kwenye shuka.

Kwa hiyo anayejaribu asisimame tu mbele ya kioo. Akae kwenye kiti. Ainame kufunga kiatu. Apande ngazi ya daladala, au stuli yenye urefu huo. Amkumbatie mtu. Acheze, maana harusini atacheza. Anayetumia kiti cha magurudumu ajaribiwe akiwa ameketi tangu mwanzo mpaka mwisho: mwili ulioketi unahitaji nyuma ndefu na mbele fupi, na nguo iliyokatwa kwa mtu aliyesimama itamlundikia kitambaa tumboni na kumwacha wazi kiunoni. Bibi ambaye mgongo wake umeinama kwa umri anahitaji urefu wa ziada kati ya shingo na makombe ya mabega. Mwanamke aliyeondolewa titi kwa sababu ya maradhi anahitaji pande mbili za kifua zinazokatwa tofauti. Watu hawa ndio ambao nguo za dukani huwatenga, nao wana haki ya kwanza ya nguo ya majaribio, kabla ya bibi harusi yeyote.

Nguo ikikaa, weka alama zote kwa kalamu, ifumue, ipige pasi, ilaze juu ya karatasi ya kaki na uhamishe kila mstari. Andika jina, tarehe na nafasi ya mshono uliyoacha. Karatasi hiyo ni mali. Gauni lijalo la mteja huyo halitaanza kwenye sifuri; shingo na sketi zinaweza kubadilika, kiwiliwili kimeshapatikana. Mwili ukibadilika kwa uzazi, umri au maradhi, jaribio jingine lifanyike.

Ziko nguo zisizohitaji haya yote. Dera, baibui pana, kanzu, kaptura ya shule: kata na ushone. Suti ya sufu ina njia yake, ya kupiga bandi. Mafundi wa Savile Row mjini London hukata kitambaa chenyewe, wakaacha nafasi kubwa ndani ya mishono, wakakishikiza kwa uzi mweupe wa bandi, mteja akavaa koti likiwa bado halijakamilika, kisha likafumuliwa lote na kusahihishwa. Sufu inakubali hivyo, kwa sababu mvuke huinyoosha na kuirudisha. Mafundi wetu wanaijua bandi vizuri, na kwa koti inatosha. Kwa kitenge cha kubana, lesi au satini, haitoshi.

Linabaki suala la fedha, nalo nadhani ndilo linalozuia desturi hii kuliko kutojua. Fundi anayelipwa kwa gauni moja hawezi kushona mawili kwa bei ile ile. Wateja wanaopiga bei mpaka shilingi ya mwisho, kisha wakaleta kitambaa Jumatano kwa ajili ya Jumamosi, wanamlazimisha akate bila kujaribu, halafu wanamlaumu. Mjenzi hachimbi msingi kabla ya kupiga kamba, na mwenye nyumba hamnyimi siku ya kupiga kamba. Nasi tumpe fundi wa nguo siku hiyo. Mafundi nao waitaje kazi hii kwa bei yake, kando na bei ya kushona, wala wasiifiche. Mteja akiona yadi mbili tatu za shuka la mtumba na ujira wa nusu siku upande mmoja, na bei ya lesi yake upande wa pili, atachagua mwenyewe.

Desemba, mwezi wa harusi, haiko mbali kama inavyoonekana. Wewe unayejiandaa kuvaa sare au kumvalisha binti yako, mwone fundi wiki sita kabla. Mpelekee kitambaa chako pamoja na shuka kuukuu, mwambie unataka kujaribu kwanza kwenye shuka, na umlipe kwa kazi hiyo. Akikataa hata baada ya kuahidiwa malipo, tafuta mwingine. Akikubali, fika siku mliyopanga, na viatu vyako vya sherehe ukiwa navyo mkononi.